Uani kwa Shangazi: Kuku Kumi na Mmoja, Kila Mmoja na Lake

Mwezi huu barua nyingi hazikuuliza dawa wala bei ya trei. Zimeuliza kuku wana nini. Nimefurahi, maana hiyo ndiyo habari niipendayo. Anayejibu ni yuleyule, mwalimu mstaafu wa Muheza, majike kumi na mmoja na jogoo mmoja chini ya mlimao.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi seremala. Nina kuku tisa wa kienyeji, wote mchanganyiko: kuna kishingo, kuna mmoja hana mkia, kuna wa madoadoa, wengine sijui hata niwaiteje. Jioni nikifunga kazi navuta kigoda nawatazama mpaka giza liingie. Mke wangu ananicheka, anasema nimeoa mara ya pili. Jirani yangu anafuga chotara mia moja na hamsini, ananiambia nichinje hawa wote nianze upya na kuku wa aina moja, kwa sababu wa kwangu ni takataka, hawatagi. Nimsikilize? Na kukaa kutazama kuku ni uvivu?
*Fundi, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jirani yako, maana hesabu yake si ya uongo. Kuku wa kienyeji anayejitahidi hukupa mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, tena kwa mafungu: anataga kumi na mawili au kumi na matano, analalia, analea, ndipo akumbuke kutaga tena. Kuku wa mayai wa kisasa anakaribia 300. Kama unataka kuku akulipie ada ya mtoto, nenda kwa jirani ukajifunze, ujenge banda, ununue chakula cha mifuko. Si aibu, mdogo wangu anaishi kwa kazi hiyo. Ila kwenye barua yako sikuona ada. Nimeona kigoda.

Kigoda changu mimi ni ndoo ya rangi niliyoigeuza kifudifudi. Nakaa hapo saa kumi na moja jioni, nikishamwaga machicha ya nazi kwenye sinia, na nitakueleza ninachokiona ili mkeo akisoma ajue hujaoa, umehudhuria baraza tu.

Wa kwanza kufika ni Mwenyekiti. Ni kishingo, shingo tupu nyekundu kama aliyekabwa, si mrembo hata ukimhurumia. Hamfukuzi mtu. Anasimama tu kando ya sinia na wenzake wanajisogeza. Cheo hicho alikipata mwaka ule kideri, ugonjwa unaofagia kuku banda zima, kilipopita mtaani kwetu. Nilikuwa na kuku ishirini na watatu, katika siku sita nikabaki na wanne, na kosa lilikuwa langu: ile chanjo ya tone la jichoni inataka kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, mimi nikawa najiambia mwezi ujao, mwezi ujao. (Ukichukua neno moja la kazi katika barua hii, Fundi, chukua hilo.) Wale watatu wengine wameshakwenda, mmoja kwa mwewe, wawili kwa uzee. Mwenyekiti yupo.

Anayefuata ni Karani, mwekundu wa kawaida, ungempita sokoni usimwone. Huyu hatagi mpaka akague. Nimempangia vitaga vinne, kila kimoja na nyasi zake kavu. Anaingia cha kwanza, anazunguka, anachambua majani mawili, anatoka. Cha pili vivyo hivyo. Akimaliza ukaguzi anakwenda kutaga kwenye helmeti ya mpwa wangu. Mpwa wangu ni bodaboda. Akija kula mchana huiacha barazani, mdomo juu. Karani anajitumbukiza humo, anajikunja, anachungulia nje kwa jicho moja, na kijana mwenye haraka zote za dunia inabidi akae angoje. Simu ya abiria inalia, namsikia anasema, "Nakuja bosi, kuna foleni hapa." Foleni yenyewe kuku. Zinapita dakika ishirini, thelathini, ndipo Karani asimame, atoke akitetea kwa sauti ya kuuamsha mtaa. Yai nalikuta lina joto bado. Na yai lake nalijua hata ukilichanganya na mengine ishirini: limechongoka upande mmoja kupita kiasi, rangi yake chai ya maziwa. Kila kuku anatia sahihi yake kwenye yai. Fuatilia wiki mbili, utaanza kuzisoma.

Kuna Mpangaji, aliyekuja kwa miguu yake kutoka nyumba ya tatu. Nilimrudisha mara nne. Mara ya tano mwenyewe akaniambia, "Dada, basi, amehama." Huyo halali bandani. Analala juu ya mlimao, masika yamnyeshee usiku kucha, asubuhi anashuka amelowa chapachapa na hana habari. Nilipomtia bandani kwa nguvu aligoma kutaga siku tisa, nikaufungua mlango.

Na kuna Afande, jogoo. Akipata mchwa hali. Anamwokota, anamdondosha, anamwokota tena, huku anaita ko-ko-ko-ko, na majike wanakimbilia. Hayo kila mtu ameyaona. Lakini ukikaa sana kigodani utaona na la pili: kuna siku anaita na hana kitu. Ameokota kijiti. Anayekuja ni tetea mgeni tu; Mwenyekiti hageuzi hata hiyo shingo yake.

Halafu sikiliza milio. Mwewe akipita juu, Afande anatoa mlio mmoja mrefu mwembamba, na wote wanajibanza chini ya mlimao wakaganda. Kenge akitoka kwenye mfereji, kelele ni nyingine, za kukatakata, ka-ka-ka-kaa, na hakuna anayejificha: wanasimama shingo juu wamkodolee. Nikiwa jikoni najua kabla sijatoka kama natazama juu au natafuta jiwe.

Sasa, uchinje? Mchinje uliyetaka kumla. Huyo asiye na mkia wengi tunamwita bukini. Kishingo unamjua. Mwenye kishungi kichwani ni kibwenzi. Mwenye manyoya yaliyojipindua ni kidimu, wengine wanasema nungunungu. Hapo kwenu Morogoro kuna ching'wekwe, mdogo wa mwili. Tabora utasikia singamagazi. Kanda ya ziwa na pwani wanajivunia kuchi. Kila mmoja ana kazi aliyoijua vizuri kuliko wenzake. Wa madoadoa ukimkosa kwenye majani, na mwewe amemkosa. Kuku wangu weupe wote wawili walichukuliwa mchana kweupe. Kishingo ana manyoya pungufu mwili mzima, si shingoni peke yake, na ndiyo maana jua la saa nane wenzake wanahema midomo wazi naye bado anachakura. Watatu katika wangu kulalia hawakukujua kabisa, lakini yupo mmoja angelalia hata vitunguu. Nilimwekea mayai ya bata akakaa siku 35 badala ya 21, amekonda, upanga umepauka, hakuondoka. Siku watoto walipoingia kwenye dimbwi la bombani alizunguka ukingoni akipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

Jirani yako mwenye mia moja na hamsini wote rangi moja, muulize jina la yeyote.

Kuhusu uvivu. Yuko Mnorwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kutazama kuku tangu udogoni, akiandika nani anamdonoa nani na nani hathubutu. Mwaka 1922 alichapisha alichokiona, na habari nzima ya wanyama kuwa na vyeo na madaraja ilianzia hapo, kwenye mdomo wa kuku. Mwambie mkeo ukipata daftari utakuwa kazini.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina kuku jike, ametaga miaka minne bila shida. Tangu mwezi wa Ramadhani ameacha kutaga, na wiki mbili hizi anawika. Kweli anawika, si kutetea. Mama mkwe yuko kwetu kwa matibabu, aliposikia alishika kifua, akasema kuku jike akiwika ni mkosi, achinjwe leo hii na asiliwe na watu wa nyumba hii. Mume wangu amenyamaza. Kuku mwenyewe nampenda. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Bagamoyo*

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza kuku, halafu mkwe, kwa sababu kuku ndiye mwepesi.

Kuku jike amezaliwa na sehemu mbili za kutengenezea mayai, kulia na kushoto, lakini inayofanya kazi ni ya kushoto tu. Ya kulia imelala tangu akiwa kifaranga. Ile ya kushoto ikiharibika, kwa ugonjwa au uvimbe, ya kulia huweza kuamka, na inapoamka haiamki kutengeneza mayai: inatoa homoni za kiume. Upanga unakua, kipi, ule mwiba wa jogoo, kinaweza kuchomoza mguuni, mwenyewe anaanza kutembea kwa maringo na kuwika. Bado ni jike. Mara nyingine hata ugonjwa haupo: kundi halina jogoo, na jike mwenye cheo anajitwika kazi hiyo. Hukuniambia kama una jogoo. Kama huna, tafuta mmoja, huenda bibi huyo akajinyamazia mwenyewe.

Mimi nilikuwa naye mmoja, mweusi, alianza kuwika baada ya kuugua. Sauti yake ilikuwa mbovu, kama mtu anayejaribu kufungua mlango wenye kutu. Aliishi mwaka mwingine na miezi. Hakuna aliyekufa nyumbani kwangu, isipokuwa redio.

Mama mkwe sasa. Usimsomee hayo niliyoandika juu. Mtu mzima, mgonjwa, yuko ugenini, amesikia jambo ambalo tangu utotoni aliambiwa ni la kutisha, halafu mkamwana amfungulie darasa? Mwambie, "Mama, nimekusikia, kuku hatakaa humu ndani," kisha mpeleke kuku kwa shoga yako wa mtaa wa pili mpaka mama apone aende zake. Hujamdanganya, na kuku hajafa. Na mumeo aliyenyamaza, mwambie ndiye wa kumbeba huyo kuku.

SWALI: Shangazi, nilipata jogoo kidimu na tetea kidimu, nikawapandisha nipate kidimu wengi kwa sababu nawapenda. Vifaranga wametoka saba. Wanne ni kidimu kama wazazi, wawili manyoya ya kawaida, mmoja ana manyoya membamba kama uzi, yanakatika, amebaki karibu uchi. Ni ugonjwa? Halafu kuna watu wanakuja kuwaulizia jioni jioni, wanataja bei kubwa.
*Mpenda Kidimu, Lindi*

JIBU: Si ugonjwa, ni wewe. Kidimu kwa kidimu usiwapandishe. Kifaranga akirithi ukidimu kwa mzazi mmoja anatoka mzuri, manyoya yamepinda kama maua. Akirithi kwa wote wawili unamzidia: manyoya yanatoka dhaifu, yanakatika kwa kujikuna tu. Kwa kawaida ni mmoja katika wanne hivi, kwa hiyo wewe kwa saba umepona. Mpe kidimu mwenzi wa manyoya ya kawaida, na nusu ya watoto watatoka kidimu wazuri. Huyo aliye uchi mtafutie kona yenye joto usiku na kivuli mchana, mvua isimguse. Anaweza kukua.

Kishingo hana tabu hiyo. Mzazi mmoja anatosha, na utamtambua mtoto wa namna hiyo kwa kishada cha manyoya kilichobaki mbele ya shingo, kama mtu aliyevaa tai. Aliyerithi kote kote, shingo yote tupu.

Hao wa jioni jioni nawajua. Nina kidimu anaitwa Mvua, kwa sababu kila siku anaonekana kama aliyenyeshewa. Alikuja bwana mmoja baada ya magharibi, kanzu safi, hakupunguza bei hata shilingi. Anayenunua kuku bila kuomba apunguziwe, huyo hakuja kununua nyama. Nikamuuliza, "Ni wa mganga?" Akatazama viatu vyake. Nikamwambia kuku huyu ni wa mjukuu wangu, na mjukuu yuko shule ya bweni. Mjukuu sina. Wewe tafuta uongo wako.

SWALI: Shangazi, nimenunua kuku mtetea mzuri mnadani, nimemfungulia tu kati ya wenzake, wamempiga mpaka kichwa kinatoka damu. Wenyeji wabaya namna hii?
*Kigoma*

JIBU: Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nasi tukaigeuza methali ya watu tukasahau kwamba ilianza na kuku wenyewe. Ile kamba ilikuwa na akili yake. Mgeni alifungwa uani, anaonekana, anaonwa, analishwa palepale, hata njia ya kwao kwa zamani akaisahau.

Mtoe hapo haraka, kuku wakiona damu hawaachi. Msafishe kwa maji ya chumvi, umweke peke yake. Na kuku wa mnadani alitakiwa akae pembeni wiki mbili au tatu kabla hajachangamana na yeyote, maana hujui alikesha tenga moja na kuku gani. Kumbuka habari yangu ya siku sita.

Akipona, mweke kwenye tundu ndani ya uwanja wao, waonane wiki nzima bila kugusana. Kisha mpandishe kwenye kichanja usiku, wakiwa wamelala. Asubuhi watadonoana kidogo, hilo huwezi kulizuia: wanapanga upya nani juu ya nani, ndiyo yale ya Mnorwei. Masinia ya chakula yawe mawili, mbalimbali, aliyefukuzwa hapa apate pale. Na mara nyingine nunua wawili. Mgeni mmoja ni mgeni, wawili ni familia.

Yule tetea anayedanganywa na Afande kwa kijiti ndiye mgeni wangu wa mwisho kuingia. Mwezi wa tatu sasa. Juzi nimemwona kasimama mbali, Afande anaita, anaita, yeye anajikuna.

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Nina majogoo watatu, mkubwa ni kuchi, mrefu ananifika kiunoni akinyoosha shingo. Alfajiri ndiye huanza kuwika, kisha yule wa kati, mdogo mwisho, kila siku kwa zamu hiyo hiyo. Nimejaribu kuwahi niamke nimkute mdogo ameanza, wapi. Ni adabu au ni bahati?
*Mzee wa Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam, kaka yangu. Umesikia vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Japani waliandika hilohilo: anayewika kwanza ni mwenye cheo, wengine hufuata kwa madaraja yao, na wa chini hungoja ingawa saa ya mwilini mwake inamwambia kumekucha. Huyo kuchi naye, wa ukoo wa majogoo wa kupigana, nani atamtangulia.

Wakamwondoa mkubwa, wakasikiliza. Alfajiri iliyofuata alianza wa pili. Kwa hiyo ukimchinja huyo kuchi Idi ijayo, usimwamkie mdogo. Bado atangoja.